Barua kwa Rehema kuhusu maji ya mgonjwa

Tanga

Mpendwa Rehema,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na jamaa wote. Nami sijambo, ila miguu inanidai zamu nne za usiku mfululizo. Barua yako niliisoma kwenye benchi la nje ya wodi, kabla hata sijavua sare. Umenieleza kwamba tangu mto ufurike, wodi yenu ya watoto imejaa wanaoharisha na kutapika, ukaniuliza ni nani awekewe dripu, ni nani anyweshwe, na kwa kiasi gani. Jibu limenichukua jioni mbili, kwa sababu katika miaka yote ya kazi hii sijaona kitu kinachotolewa ovyo wodini kama maji. Parasetamoli tunaihesabu kwa miligramu, lakini dripu tunaitundika na kwenda zetu.

Mtazame mtoto kabla hujamgusa, akiwa mapajani kwa mama yake. Mpe kikombe: anayekidaka kwa mikono miwili na kulia kinapoondolewa amepungukiwa maji, lakini nguvu bado anazo; anayeacha maji yachuruzike pembeni mwa mdomo, au aliyelegea hata hajali kwamba mtu mgeni amemwinamia, huyo ni wa kukimbiliwa. Kisha finya ngozi ya tumbo, kati ya kitovu na ubavu, mkunjo ukifuata urefu wa mwili, uachie huku ukihesabu. Mkunjo ukichukua sekunde 2 au zaidi kurudi, hiyo ni dalili nzito. Kuhusu macho yaliyodidimia, muulize mama kama ndivyo yalivyo siku zote, maana wapo waliozaliwa na macho ya ndani. Dalili mbili nzito zikikutana, usisubiri majibu ya maabara. Mpime uzito papo hapo, kwa sababu hesabu yote inayofuata inatoka kwenye kilo zake, na kesho yake kilo hizo ndizo zitakazokuambia ukweli: lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja.

Chukua mtoto wa miezi minane mwenye dalili hizo nzito na kilo 6. Anahitaji Ringa (maji ya dripu yenye chumvi) mililita 100 kwa kila kilo, yaani mililita 600. Kwa kuwa hajatimiza mwaka, mililita 180 zitaingia katika saa ya kwanza na 420 zilizobaki katika saa tano. Kama seti yako ya dripu inatoa matone 20 kwa mililita, basi ni matone 60 kwa dakika katika saa ile ya kwanza, ambayo ni tone moja kila sekunde, halafu unashusha hadi 28. Aliyetimiza mwaka huenda kwa kasi zaidi: sehemu ya kwanza kwa nusu saa, ya pili kwa saa mbili na nusu. Soma maandishi kwenye pakiti ya seti kabla ya kupiga hesabu, kwa sababu zipo za matone 15 na zipo za matone 60. Rudi kitandani kila baada ya dakika 15 mpaka mapigo ya kifundo cha mkono yawe na nguvu, na mara tu atakapoweza kumeza, mwanzishie ORS (maji ya kunywa yenye chumvi na sukari) wakati dripu ingali inaendelea.

Sasa nikuambie la kwangu, ambalo sikuwahi kukusimulia. Katika kituo changu cha kwanza nilipokea mtoto anayeharisha, amekonda mno, macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Nikaona upungufu mkali wa maji, nikafungua dripu kama nilivyokuandikia hapo juu. Kabla ya alfajiri alikuwa anapumua haraka, anakohoa, na ini limevimba chini ya mbavu. Niliifunga dripu mikono ikinitetemeka, na alipona, lakini tangu siku ile sifinyi ngozi kabla ya kupima mzingo wa mkono na kubonyeza miguu kutafuta uvimbe. Mtoto mwenye utapiamlo mkali hana mafuta chini ya ngozi, kwa hiyo mkunjo hukawia hata kama maji yapo, na moyo wake hauwezi kusukuma mzigo wa ghafla. Huyo mnyweshe ReSoMal, ORS ya wenye utapiamlo mkali, ambayo ina sodiamu ndogo na potasiamu nyingi (chumvi mbili za mwilini) kuliko ORS ya kawaida, mililita 5 kwa kila kilo kila nusu saa katika saa mbili za mwanzo, kwa mpira wa puani akishindwa kumeza. Kwa watoto wa aina hiyo, dripu ni kwa aliyezimia au ambaye mzunguko wa damu umeanguka, nayo iende polepole, mililita 15 kwa kilo kwa saa nzima, nawe ukiwa umesimama hapo.

Uliandika pia kwamba mwenzako humfungulia dripu kwa kasi kila mtoto mwenye homa kali na mikono baridi. Mwambie, kwa heshima, kwamba jambo hilo lilipimwa hapa hapa kwetu. Watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania, wakiwamo wa Muheza, walifuatiliwa katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011. Waliopewa maji kwa mkupuo, yaani mengi kwa haraka, walifariki asilimia 10.5 ndani ya saa 48, na wasiopewa mkupuo asilimia 7.3. Wanaoharisha hawakuhusishwa katika utafiti huo, kwa hiyo usiwanyime wao dripu kwa sababu yake.

Wengi wa watoto wako hawatahitaji sindano hata kidogo. Aliyepungukiwa kiasi hunyweshwa ORS mililita 75 kwa kilo katika saa nne, kijiko baada ya kijiko. Akitapika, subiri dakika 10 uendelee taratibu. Hapa tatizo huwa chombo. Mwambie mama akuonyeshe chupa anayochanganyia. Juma lililopita mama mmoja alinionyesha chupa ya soda ya nusu lita, na pakiti aliyokuwa akiimimina yote humo ilikuwa ya lita moja. Alifanya hivyo kwa upendo, akitaka dawa iwe kali, kumbe sodiamu ya mtoto ilikuwa inapanda na kiu haimwishi. Zinki usiisahau: miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi sita, kwa siku 10 hadi 14.

Kwa watu wazima, kinachonisumbua zaidi ni potasiamu. Kiwango chake katika damu ni kati ya milimoli 3.5 na 5.0 kwa lita, nafasi nyembamba kweli. Mzee wa ugonjwa wa moyo anayemeza Lasix (dawa ya kuongeza mkojo) kila siku akikuambia miguu imekuwa mizito na misuli inambana, fikiria imeshuka. Mgonjwa wa figo naye huletewa madafu na ndugu wanaoamini kwamba dafu linasafisha figo, na mimi, mtoto wa pwani, huona aibu kuyarudisha. Lakini dafu lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, na kwa figo zisizotoa mkojo linaweza kuusimamisha moyo. Majibu yakija juu kupita kiasi ilhali mgonjwa ametulia, kumbuka ulivyoichukua damu: mpira wa kufunga mkono ukikazwa mno au damu ikikawia njiani, chembe za damu hupasuka na kumwaga potasiamu yake ndani ya chupa. Rudia kipimo, lakini mpige ECG (kipimo cha umeme wa moyo) kwanza na umwite daktari.

Na tafadhali, ampuli za potasiamu ziondoe kwenye toroli. Mililita 10 za asilimia 15 zina milimoli 20, nazo kwa macho hazina tofauti na maji ya kuchanganyia dawa. Usiku mmoja niliishika mkononi, nimekwisha ivunja, ndipo mwanafunzi aliyekuwa ananimulikia tochi akasoma jina kwa sauti. Potasiamu haisukumwi kwa sindano kamwe. Huchanganywa kwenye dripu, ikatikiswa vizuri, isizidi milimoli 10 kwa saa katika mshipa wa mkono, tena baada ya kuhakikisha mgonjwa anakojoa.

Sodiamu nitaigusa kidogo tu. Bibi aliyefanyiwa upasuaji, akakaa siku tatu kwenye deksitrosi (maji ya sukari) ya asilimia 5, halafu akaanza kumwita muuguzi kwa jina la marehemu dada yake, msimsingizie uzee. Sukari ile mwili huitumia, yanabaki maji matupu yanayoizimua damu. Kuirudisha sodiamu iliyoshuka nako kusiwe kwa pupa. Zaidi ya milimoli 8 hadi 10 kwa lita kwa siku huweza kuumiza ubongo.

Nimekuwekea humu karatasi mbili za chati yetu ya maji yanayoingia na yanayotoka, zitoe fotokopi. Safu ya mkojo ndiyo inayoachwa wazi mara nyingi, kwa hiyo nimeiwekea wino mwekundu: mililita 1 kwa kilo kwa saa kwa mtoto, nusu yake kwa mtu mzima. Pasipo na mfuko wa mkojo, mpe mama kopo lenye alama, au pima nepi kavu na iliyolowa. Matapishi na kuharisha navyo viandikwe, hata kwa kukadiria kwa kikombe.

Yule mtoto wa kitanda cha nne uliyesema amevimba uso baada ya siku mbili za dripu, mpime leo kabla ya zamu kubadilika, ulinganishe na uzito wa siku aliyopokelewa, kisha unitumie kilo zote mbili.

Ndimi rafiki yako,
Zuhura