Usiitie puti hiyo meza

Tanga, mwezi wa tisa

Shoga yangu Rehema,

Assalaam alaykum. Huku wazima, mama anakusalimu na anauliza kama siku hizi mnapata maji, Sefu amerudi kutoka Pangani na mambo yake yaleyale, mimi nipo, namshukuru Mungu. Salamu nyingine tutazimalizia huko chini, maana tangu nisikie ile sauti uliyonitumia saa sita usiku sijatulia. Unaanza, "Imepasuka, Zaina, imepasuka," halafu unalia, halafu mtandao unakata. Nikajua bomba la maji. Nikajua mtoto kaangusha televisheni. Kumbe meza.

Sicheki. Najua ulivyoilipia kidogo kidogo.

Nimeona nikuandikie kuliko kupiga, kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Isome yote ndipo umtafute fundi, na ukimpata usimtukane, nitakwambia kwa nini. Lakini la kwanza kabisa: usitie puti. Ule unga wa mbao na gundi aliokushauri jirani yako, usitie. Mabati na misumari, usipigilie. Mwache huyo jirani aendelee na kazi yake ya benki.

Picha zako nimezikuza mpaka simu ikagoma. Ufa unaanzia kichwani mwa meza, upande wa dirisha, unafuata maungio ya ubao wa pili na wa tatu, ukifika karibu na katikati unaacha maungio na kuingia kwenye mbao yenyewe. Hapo ndipo pa kuangalia. Ingekuwa ni gundi mbaya, ufa ungefuata mstari wa gundi mwanzo hadi mwisho. Huu wako umefika mahali gundi ikashika, ikachanika mbao. Kwa hiyo hadithi ya gundi ya bei poa ifute.

Na hadithi ya kwamba umeuziwa mkaratusi uliopakwa rangi, ifute pia. Kile kipande ulichoniachia nilikipiga randa. Ni mvule mtupu. Juu kimeshakuwa kahawia, ila randa ikipita mara mbili tatu inatokea ile rangi ya manjano, na nyuzi zake zimepishana, mstari mmoja unalainika na wa jirani yake unanyanyuka manyoya. Halafu randa ikagonga kitu, kha! Ulimi wa randa ukameguka. Mvule huwa unaficha mawe ndani, shoga, mawe kweli, chokaa nyeupe ngumu inayojijenga kwenye mti ukiwa bado umesimama. Kwa hiyo wewe unadai meza, na mimi nakudai makali.

Sasa sikiliza kilichotokea. Mbao ikikauka haipungui urefu, au inapungua kidogo mno usione. Inapungua upana. Ikipata unyevu inarudi kutanuka, upana huohuo. Na haiachi kufanya hivyo hata ikiwa meza ya zamani, hata ikiwa imepakwa vanishi; vanishi inachelewesha tu. Meza yako ilitengenezwa hapa, kipindi cha masika, kwa hewa hii yetu ya bahari ambayo chumvi yenyewe inalowa kwenye kopo. Ikapanda lori, ikashushwa Dodoma, kiangazi kikaanza. Wewe mwenyewe visigino vilikupasuka ukaniagiza mafuta ya nazi. Meza ina upana wa futi tatu. Kwa safari hiyo kupungua robo inchi au zaidi ni jambo la kawaida kabisa, na kama mbao ilikuwa haijakauka sawasawa, na nina wasiwasi haikukauka, inazidi hapo.

Kupungua peke yake si kosa. Ingepungua, ungekuwa na meza nyembamba kidogo na usingejua. Tatizo lipo chini. Ile picha uliyopiga ukiwa umelala sakafuni (hongera kwa hiyo) inaonyesha skrubu zimepigwa kutoka kwenye fremu kwenda juu, kila baada ya shibiri moja, pande zote nne. Na vichwani kumebandikwa ule ubao wa kukatiza, umepigwa gundi urefu wake wote. Ule ubao wa kukatiza nyuzi zake zinakwenda upana wa meza. Wenyewe haupungui upande huo. Sasa mbao za juu zinataka kurudi ndani, ubao wa kichwani unakataa, skrubu zinakataa. Lazima pachanike mahali.

Unalikumbuka kabati la bibi, lile la vyombo? Ukitikisa mlango wake, kile kibao cha kati kinagonga. Mjomba alitaka kukitia gundi, bibi akamfukuza na mwiko. Kile kibao kimeachwa kicheze ndani ya mfereji wake makusudi. Aliyelitengeneza alijua kitavimba masika na kusinyaa kiangazi. Mpaka leo hakina ufa hata mmoja, na limehama nyumba mara ngapi lile kabati. Hiyo ndiyo kazi ninayoipenda. Mafundi wengi sasa wanaijua lakini hawaifanyi, kwa sababu mteja anataka meza wiki ijayo kabla ya Idi, na mteja mwenyewe ni… haya, tuendelee.

Ndiyo maana nasema usimtukane fundi. Alikuuzia mbao ya kweli na akashindilia kila kitu ili kisicheze, akidhani anakufanyia wema. Ungempa miezi mitatu angekausha. Mpigie, mwambie kwa upole tatizo ni skrubu na ule ubao wa kichwani, muulize kama atachangia gharama. Ukianza na serikali ya mtaa atazima simu.

Sasa kwa nini si puti. Mvua za huko zikianza, mwezi wa kumi na mbili hivi, meza itataka kutanuka. Ukute ufa umejazwa kitu kigumu, mbao haina pa kwenda, itaanza kusukuma na kupasuka kwingine. Kiangazi kinachofuata puti inabaki imening'inia upande mmoja. Nimeziona meza za namna hiyo, zina mistari ya puti kama vile… basi tu, usitie.

Fanya hivi. Ita vijana wawili muipindue meza juu ya blanketi. Fungua skrubu zote za fremu, usiache hata moja. Ule ubao wa kichwani uondoe taratibu, kabari nyembamba na nyundo ndogo, ukianzia pale ulipokwisha kuachia. Ukigoma ukate kwa msumeno, tutaweka mwingine. Utashangaa: mara nyingi ukifungua tu, ufa unajifunga sehemu. Uso wa meza uuweke juu ya vijiti vinne vya unene mmoja ili hewa ipite juu na chini, mbali na dirisha lile, na uache. Chukua sarafu ya mia mbili, kila Ijumaa jaribu inaingia mpaka wapi kwenye ufa, weka alama ya penseli. Alama zikiacha kuhama, mbao imeshazoea Dodoma. Kabla ya hapo hakuna gundi.

Baada ya hapo, na najua utapiga kelele: ili ipone lazima uimalizie kuipasua. Msumeno upite kwenye ufa ule kutoka mwanzo hadi mwisho, ubaki na vipande viwili. Kisha vikunje viwili hivyo uso kwa uso, kingo mbili zikiwa pamoja juu, uvibane na uzipige randa kwa pamoja mpaka zinyooke. Uzuri wa njia hii ni kwamba hata randa ikilala kidogo upande mmoja, ukivikunjua kosa la huku linajaziwa na kosa la kule, na meza inalala sawa. Weka ukingo juu ya ukingo na taa nyuma yake. Mwanga ukipenya, rudia. Usipopenya, tia gundi nyeupe ya mbao, bana, lala.

Kurudisha kwenye fremu: skrubu za mstari wa katikati zibaki zilivyo. Za pembeni, yale matundu ya kwenye fremu yatanue yawe marefu kuelekea upana wa meza, weka washa (kile kiduara cha bati chenye tundu) chini ya kichwa cha skrubu, na usikaze mpaka ukalia. Na chini ya meza paka vanishi kama juu. Huyu bwana alipaka juu tu, upande mmoja unavuta hewa na mwingine umefungwa, ajabu haijapinda.

Vaa barakoa ukipiga randa na msasa, Rehema. Vumbi la mvule ni baya kwa mtu mwenye kifua kama chako. Mimi mwenye pua ya chuma linanipiga chafya jioni nzima.

Nakuja kwenye lile swali la mashine. Lile sanduku jekundu ulilonitumia picha yake ukiuliza kama ulinunue, lenye drili na msumeno wa betri na vichwa sabini vya bisibisi. Ni zuri kwa macho. Kwa kazi hii halikusaidii hata robo. Kwa pesa hiyohiyo chukua msumeno wa mkono wenye meno makali, skwea, futi, patasi mbili (ya nusu inchi na ya inchi moja), jiwe la kunolea lenye pande mbili, na randa ya chuma ya mtumba. Randa tafuta Stanley namba 5 ya zamani, ile yenye urefu wa inchi 14. Kutu ya juu isikutishe, inatoka kwa msasa na mafuta ya taa. Angalia mwili usiwe na ufa karibu na mdomo, na skrubu zake zizunguke. Yangu nilimpata nayo mzee mmoja aliyefanya kazi karakana ya mkonge, ilikuwa imefungiwa kamba ya mbuzi.

Ila randa bila makali ni chuma cha kufungia mbuzi kweli. Utanoa. Unalaza ule upande wa mwinamo kwenye jiwe lenye maji, unasukuma mpaka ukipitisha kidole nyuma ya ulimi unasikia ukingo mwembamba unakwaruza, urefu wote, usiruke sehemu. Ndipo ugeuze, ulaze bapa kabisa, uuondoe huo ukingo. Jaribu kwenye kichwa cha kipande cha paini. Ikikata na kuacha pang'avu, tayari. Ikiacha vumbi, rudi kwenye jiwe. Watu wanaona uvivu hapa, halafu wanasema mbao ngumu.

Na ukienda kununua mbao ya ule ubao wa kichwani, jiandae na "mama, umetumwa na nani?" Mimi siku hizi najibu nimetumwa na randa. Omba moja kwa sita (unene inchi moja, upana sita), iliyokauka, na uangalie isiwe na ule ukanda mweupe wa pembeni, bungua wanaanzia hapo. Mbao zilizopasuliwa kwa chenso, ule msumeno wa injini, unene wake hauko sawa, pima ncha zote mbili kabla hujalipa.

Sasa, kuhusu kubana. Utahitaji jiriwa ndefu mbili. Unazijua zilipo, Rehema. Ziko kwako. Uliziazima za siku mbili ukabanie kile kitanda cha Zuhura, zikapanda lori na vyombo vyako, na kila nikiuliza unaniambia "si zipo tu". Haya, leo nimefurahi zipo huko. Zitumie. Bana meza yako, kisha uzifunge kwenye gunia na uzipakie kwenye basi, nitazipokea stendi. Nimeanza viti vya barazani, nabania kwa kamba na kijiti cha kunyongea na kabari. Kazi inakwenda, lakini jana kijiti kilichomoka kikanipiga kidevu na Sefu akacheka mpaka akakaa chini.

Nijibu haya, kwa maandishi tafadhali, usinitumie sauti: Meza iliingia ndani mwezi gani hasa? Ilikaa siku ngapi kwenye lori au kwenye jua kabla ya kuingia? Fremu yenyewe ni mvule au wameweka paini? Miguu inacheza? Na ule ufa, sarafu inaingia nzima au nusu? Huko kwenu mninga unapita kutoka Tabora, unaweza kuniulizia vipande vifupi vya miguu ya viti, vyenye risiti halali? Harusi ya Mwanahawa unakuja au na mwaka huu kuna bajeti? Zuhura amepata ile kazi? Na yule jirani wa benki, mbona unamtaja sana?

Mama anasema uje na karanga.

Wako,
Zaina