Risala ya Kikundi cha Sanaa za Maonyesho na Ngoma za Asili kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Sanaa ya Kata, Dodoma

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Mheshimiwa Diwani wa Kata yetu. Ndugu Afisa Utamaduni. Ndugu Mtendaji wa Kata na Wenyeviti wa Mitaa. Viongozi wa dini, wazee wetu, walimu, wazazi, wanakikundi wenzetu, mabibi na mabwana: Mbukwenyi!

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima na kutukutanisha chini ya mkwaju huu, ambao ndio ukumbi wetu wa mazoezi tangu kikundi kianze. Tunakushukuru kwa dhati, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuukubali mwaliko wetu katikati ya majukumu mazito ya makao makuu ya nchi, na zaidi kwa kufika saa nne kamili kama ratiba ilivyosema. Heshima hiyo hatutaisahau, kwa kuwa zipo siku ambazo akina mama hawa walimsubiri mgeni wakiwa wamevaa njuga mpaka jua likazama.

Kikundi chetu kilianzishwa mwaka 2011 na akina mama saba wapiga muheme, ngoma ya akina mama wa Kigogo, pamoja na vijana wanne waliokuwa wamemaliza darasa la saba bila kuwa na shughuli. Leo tuna wanachama 43, wanawake wakiwa 25, tuna katiba, usajili, akaunti ya benki na kamati inayokutana kila mwezi. Historia yetu ni ndefu, lakini hatutaki kukuchosha nayo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mafanikio yetu ni makubwa kuliko umri wa kikundi. Tumekuwa washindi wa tatu katika mashindano ya ngoma, tumetumbuiza katika mahafali na sherehe za kitaifa hapa jijini, na jina la kata hii sasa linatajwa hadi Singida, ambako tumealikwa mara mbili. Mabinti wetu sita wanapiga zeze, chombo cha nyuzi ambacho kwa desturi kimekuwa mikononi mwa wanaume, na babu aliyewafundisha, ambaye mwanzoni aliwakatalia kwa miezi miwili, ameketi pale mbele pamoja nao.

Kaulimbiu ya siku ya leo ni “Ujasiri na Udadisi katika Sanaa kwa Manufaa ya Jamii”. Hatukuichagua kwa sababu inapendeza kwenye bango. Nchi hii ina deni kwa wasanii waliothubutu. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, aliyekuwa akiuza vyungu, alisafiri mwaka 1928 hadi Bombay kurekodi nyimbo kwa Kiswahili, katika zama ambazo taarabu ya wenye hadhi ilikuwa ya Kiarabu, na sauti yake ikayabeba mambo ya watu wadogo waliokuwa hawana pa kuyasemea. Hapa kwetu, Hukwe Zawose, Mgogo wa Doda, alichukua zeze na marimba ya kupigwa kwa vidole gumba, ambavyo wengi walividhani ni vya kuchungia ng’ombe, Mwalimu Nyerere akamwita Dar es Salaam, baadaye akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na hadi anafariki mwaka 2003 alikuwa ameipeleka sauti ya Ugogo katika majukwaa ya Ulaya na kwingineko. Nao wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walipokwenda Malya, mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, hawakupeleka igizo lililokwisha kuandikwa. Walikaa na wanakijiji na kuwauliza linalowauma, wanakijiji wakataja mimba za wasichana, kisha wenyewe wakalicheza na kulijadili hadharani.

Sisi tumejifunza kutoka kwao. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, unafahamu kwamba Dodoma ni miongoni mwa mikoa iliyosumbuliwa sana na trakoma, ugonjwa ambao ukiachwa huzifanya kope zigeukie ndani na kukwaruza jicho mpaka mtu apofuke. Shule yetu ya msingi ilikuwa na vibuyu chirizi, vyombo vya kunawia vyenye kuchiriza maji, vilivyofungwa vizuri kabisa, lakini watoto walikuwa wanavipita bila kuvigusa. Vijana wetu hawakuridhika na jibu kwamba watoto ni wabishi. Walikaa pale shuleni asubuhi tatu mfululizo, wakagundua kwamba watoto wadogo wanaogopa kuchelewa mstarini na hawajui wanawe mpaka wapi, ndipo wakatunga wimbo mfupi wenye urefu wa muda uleule wa kunawa uso, unaoimbwa na foleni nzima huku mmoja akinawa. Wimbo huo unaimbwa mpaka leo, na mwalimu wa afya wa shule hiyo yupo hapa, anaweza kuulizwa. Serikali ilileta elimu ya afya na walimu wakafunga vibuyu. Wimbo ndio uliowafikisha watoto kwenye maji.

Udadisi huohuo uliwapeleka vijana wetu wa sekondari kwenye jambo lingine. Mmoja wao aliuliza kwa nini zeze likipigwa pamoja na kinanda cha kwaya sauti hazikubaliani, wakati masikio ya wazee yanasema zeze liko sawa. Kwa msaada wa mwalimu wa fizikia walijifunza kwamba mpangilio wa sauti za Kigogo hufuata sauti za asili zinazozaliwa na uzi mmoja unapotetemeka, hasa ile ya saba, ambayo kinanda hakina kitufe chake. Kijana yule alikuwa akifeli fizikia. Sasa ndiye anayewaeleza wenzake mawimbi ya sauti, tena kwa marimba aliyoitengeneza mwenyewe, yenye tundu lililofunikwa kwa utando wa buibui ili sauti ivume kama babu zetu walivyopenda.

Lakini kazi tunayojivunia zaidi ilikuwa ngumu kuliko zote. Tangu mwaka 1998 sheria inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, na kila mmoja hapa anajua kwamba kukatazwa hakukulimaliza jambo hilo, bali katika baadhi ya familia kulilihamishia gizani, likaanza kufanywa kwa watoto wachanga. Mabinti wetu waliomba walicheze. Kamati ilisita, tunakiri, kwa sababu baadhi yetu ni wakwe na mashangazi wa wahusika. Igizo hilo halina mwisho. Linapofika pale mama mkwe anapomwambia mkazamwana afunge mlango, waigizaji husimama na kuuliza watu, “Mkazamwana huyu afanye nini?” Siku tulipolionyesha katika mtaa wa jirani, bibi mmoja wa zaidi ya miaka 70 aliinuka, akamwondoa binti aliyekuwa anaigiza mkwe, akakaa kwenye kigoda chake na kusema kwamba yeye alifanyiwa, akawafanyia wanawe, na hataki kushika mlango wa mtu tena. Hakuna mwandishi kati yetu aliyethubutu kuandika maneno hayo. Ndani ya miezi miwili familia tatu zilimfuata mwenyekiti wetu usiku, zikiomba kusaidiwa namna ya kuzungumza na wakubwa wao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tumekuambia hayo ili ulielewe ombi letu, ambalo ni moja tu. Tunaomba paa.

Kiwanja kilichoko nyuma ya mkwaju huu tulipewa mwaka 2014, kimepimwa, na barua ya toleo ipo. Kwa michango ya shilingi 2,000 kwa mwezi kwa kila mwanachama na kwa fedha za kutumbuiza harusini, tulichimba msingi, tukafyatua na kuchoma tofali wenyewe, na mwaka 2018 tukalifikisha boma la mita 10 kwa 18 kwenye renta, juu ya milango na madirisha. Tangu hapo limesimama hivyo. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, lakini zinapokuja haziombi ruhusa. Machi mwaka jana kona ya kusini iliporomoka, tukaijenga upya kwa fedha ambazo zilikuwa za mbao. Kila msimu tunaochelewa tunalipia ukuta uleule mara ya pili, huku Jiji likikua kutuzunguka na kiwanja kisichoendelezwa kikiwa kinatamaniwa na wengi.

Huenda mtu akasema ngoma ni ya uwanjani na haihitaji ukumbi. Tunaomba tuseme kwa heshima kwamba asemaye hivyo ameona siku ya onyesho, hajaona siku ya mazoezi. Vyombo vyetu ni vya ngozi, kibuyu na mti: unyevu hulegeza ngozi za muheme, jua hupasua vibuyu vya zeze, na kwa kukosa stoo yenye mlango tumepoteza ngoma nne kwa miaka miwili. Hayo tungeyavumilia. Tusiloweza kulivumilia ni kwamba mabinti wanaofanya mazoezi ya igizo la ukeketaji hufanya hivyo kando ya njia ya kwenda kisimani, mbele ya shangazi zao. Msanii anayejaribu jambo jipya lazima kwanza akosee, aseme neno baya, alifute, alie ikibidi, aanze tena, na ni vigumu kwa binti wa miaka 16 kukosea mbele ya mtu ambaye jioni atamsimulia baba yake. Mwaka jana mabinti wawili walitolewa kikundini na wazazi wao, si kwa sababu ya onyesho, bali kwa sababu ya maneno yaliyosikika katika mazoezi ambayo hata hayakuingia katika onyesho. Wale wawili ndio waliokuwa na maswali mengi kuliko wote.

Wachoraji wa kale wa Kolo, wilayani Kondoa, ambao michoro yao iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, walichora chini ya miamba iliyoinama kama baraza, na kwa sababu jiwe lile liliikinga mvua na jua, rangi yao nyekundu ingali inaonekana. Nasi tunaomba kukingwa vivyo hivyo.

Mafundi watatu tofauti wametupimia. Yanahitajika mabati 120 ya geji 28, ambayo kwa shilingi 39,000 kila moja ni shilingi 4,680,000; mbao za kenchi na papi, shilingi 3,120,000; misumari, kofia na usafiri, shilingi 500,000; na ufundi, shilingi 1,500,000. Jumla ni shilingi 9,800,000. Katika akaunti yetu zipo shilingi 2,150,000, hivyo upungufu ni shilingi 7,650,000. Vijana watabeba, watakoroga na kupandisha wenyewe. Tunafahamu kwamba ipo mikopo ya vikundi, nayo tunaishukuru, lakini paa halizai marejesho ya kila mwezi, na tulipojaribu tuliambiwa kwamba sanaa si shughuli ya uzalishaji. Tunafahamu pia kwamba madarasa, zahanati na maji hutangulia, nasi ni wazazi wa watoto hao hao; tunaomba tu ikumbukwe ni nani waliowafanya watoto wavitumie vibuyu chirizi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunalazimika kusema na hili, tukiamini halitakukwaza, kwa kuwa wewe si mhusika. Ombi hili halisomwi leo kwa mara ya kwanza. Mwaka 2016 mgeni wetu wa heshima aliahidi mifuko 60 ya sementi, tukapokea 15, nayo tuliitumia yote na tunashukuru. Mwaka 2019 mgeni mwingine alisimama hapohapo ulipo, akasema mabati yote ni yake na yatafika kabla ya mvua. Akina mama walipiga vigelegele, na vijana wakatunga wimbo wa kumshukuru siku ileile. Tuliandika barua tano za kukumbusha, na nakala zote tano zina mhuri wa kupokelewa. Mwaka 2022 tuliambiwa suala letu linafanyiwa kazi. Wimbo ule hatujauimba tena, na watoto waliouimba wakiwa darasa la nne sasa wako sekondari, wengine wakiuliza kama kuna haja ya kuendelea kumwalika mgeni rasmi. Sisi wanakamati tumewajibu kwamba ipo, na ndiyo maana tumekualika.

Kwa hiyo tunakuomba kwa unyenyekevu mkubwa kwamba, kabla ya kuagana nasi, uingie ndani ya boma hilo ulione kwa macho yako. Kisha kiasi chochote utakachoona kinawezekana, kiwe mabati yote, nusu yake au ishirini tu, kitajwe pamoja na tarehe yake na jina la afisa tutakayemfuatilia. Kama haiwezekani, tunaomba tuambiwe leo kwamba haiwezekani, ili tupange michango yetu tukijua tuko peke yetu. Hatutachukia. Daftari la kikundi lipo mezani mbele yako, limefunguliwa kwenye ukurasa unaofuata ule wa mwaka 2019, na kalamu imewekwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Imeandaliwa na Kamati ya Kikundi na kusomwa na Katibu.