Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Manispaa ya Kinondoni: mchoro wa mandhari urudishwe kabla kibali hakijatolewa

Ndugu Mkurugenzi,

Nakuandikia kuhusu maombi ya kibali cha kukarabati na kupanua jengo la maduka lililopo kando ya Barabara ya Bagamoyo, kati ya Mwenge na Tegeta, ambalo sisi wakazi wa jirani tunalitegemea kwa benki, duka la dawa na mahitaji ya nyumbani. Michoro yake ililetwa katika ofisi yetu ya serikali ya mtaa wakati wa kukusanya maoni ya wadau kwa ajili ya tathmini ya athari kwa mazingira, nami nikapata nafasi ya kuipitia karatasi moja baada ya nyingine. Sipingi ukarabati wenyewe. Jengo limechakaa, paa linavuja, vyoo havitoshi, na mwenye mali ana haki ya kuiendeleza. Ninachoomba ni kwamba usiidhinishe kibali hicho mpaka mchoro wa mandhari ya nje urudi kwa mbunifu na kufanyiwa kazi upya, kwa sababu kama ulivyo sasa unawasukumia majirani maji ya mvua na kuwaacha juani watu wanaofika kwa miguu.

Nianze na maji, maana hapo ndipo penye hatari. Ardhi ya upande huu wa mji inateremka kutoka Goba na Mbezi Juu kwenda baharini, na barabara kuu inaikata njiani, hivyo maji mengi hulazimika kupita kwenye makalavati kabla ya kuingia mitaa ya chini. Leo kiwanja kile kina ukanda wa nyasi upande wa mashariki, pamoja na mtaro wa udongo ulioota matete, ambao hujaa wakati wa masika kisha maji yakazama taratibu. Kwenye mchoro mpya ukanda wote umekuwa maegesho ya magari yaliyotandazwa vitofali vya pevingi, na mtaro umegeuzwa kuwa bomba moja lililofukiwa. Niliifuata kwa kidole mishale inayoonyesha mteremko hadi ilipoishia, kwenye ukuta wa mpaka, na nje ya ukuta huo hakuna kilichochorwa. Kwa anayeyajua mazingira yetu, kilichopo pale ni uchochoro wa kuingilia kwenye nyumba za watu.

Hekta moja ya paa na sakafu ngumu ikinyeshewa milimita 50 kwa siku, mvua ambayo Dar es Salaam si ngeni nayo, hupokea lita 500,000 za maji, sawa na maboza 50 yenye ujazo wa lita 10,000 kila moja. Udongo wenye nyasi na mizizi hunywa sehemu ya maji hayo na kuyachelewesha yanayobaki. Saruji huyaachia karibu yote, tena kwa mkupuo. Mji wetu umekwisha kulipia gharama ya maji yasiyo na pa kwenda. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40, na tangu hapo Jangwani imefungwa na maji zaidi ya mara moja. Mji huohuo, mwaka 2022, uliingia kwenye mgawo wa maji baada ya kina cha Mto Ruvu kushuka. Kwa hiyo inanisikitisha kuona mchoro wenye paa kubwa kiasi kile ukiwa hauna hata tangi moja la kuvunia maji ya mvua, huku bustani ya ukoka mbele ya lango kuu ikipangiwa kumwagiliwa kwa maji ya bomba. Maji ya paa lile yangetosha kusafishia vyoo na kumwagilia bustani kwa sehemu kubwa ya misimu ya mvua.

Jambo la pili ni miti. Miembe na mikungu iliyo karibu na kituo cha daladala imewekewa alama ya kukatwa, na mahali pake imechorwa mitende ya mapambo katika mstari ulionyooka. Mkurugenzi, pita pale saa nane mchana mwezi wa Februari. Utawaona kina mama wenye vikapu, wanafunzi na vijana wa bodaboda wamejipanga chini ya mkungu mmoja, na kivuli kinaposogea nao wanasogea. Mtende wa mapambo hautawafunika hata watatu kati yao. Tulielezwa kwamba mizizi ya mikungu imeinua vitofali na majani yake yanachafua magari. Hoja ya mizizi ni ya kweli, nimeviona vitofali vilivyoinuka, lakini dawa yake ni kuupa mti nafasi pana ya udongo wazi kuzunguka shina na kuweka kizuizi cha mizizi upande wa njia. Majani yanafagiwa. Kivuli cha upana ule hakipatikani kwenye kitalu chochote. Mche utakaopandwa leo utawafaa watoto ambao bado hawajaanza shule. Pale ambapo mti haukwepeki kukatwa, basi mchoro utaje mti utakaochukua nafasi yake kwa jina, mwarobaini au mkwaju kwa mfano, badala ya maneno matupu ya "miti ya mapambo" yaliyoandikwa sasa, na useme nani ataitunza miche hiyo hadi ishike.

Kuhusu waenda kwa miguu nitasema machache. Milango miwili ya magari imepanuliwa, ila anayeshuka daladala hana njia yake. Atakatiza katikati ya magari yanayoingia. Njia ya viti vya magurudumu imepelekwa nyuma, jirani na sehemu ya kupakulia mizigo, ilhali Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka majengo ya umma yafikike. Mama lishe na wauza matunda waliopo pale miaka yote hawakuchorewa mahali popote.

Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inairuhusu mamlaka ya upangaji kutoa kibali kwa masharti, na masharti ninayoomba hayazidi uwezo wa mradi wa ukubwa huo. Mhandisi aliyesajiliwa awasilishe hesabu ya maji ya mvua, na bomba liunganishwe na mtaro wa umma kwa ridhaa ya mamlaka ya barabara inayohusika. Maegesho ya upande wa mashariki yatumie vitofali vyenye matundu ya kuoteshea nyasi, na mtaro wa matete ubaki wazi. Miti ya kituoni ibaki. Mchoro uliorekebishwa ubandikwe kwenye ofisi ya serikali ya mtaa kwa Kiswahili, ukiwa na vipimo vinavyosomeka, kisha wakazi wa uchochoro ule waitwe kwenye kikao, kwa kuwa katika kikao kilichopita sikumwona hata mmoja wao. Yote haya yafanyike kabla mkandarasi hajakabidhiwa eneo, maana mti ukishaanguka na mtaro ukishafukiwa, marekebisho ya mchoro hayatakuwa na kazi tena.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Mkazi wa Mbezi Beach