Kioo cha kunyolea kipimwe kwa umbali wa uso, si kwa mng'aro wa fremu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili niseme jambo ambalo wengi wataliona dogo, ingawa mimi limenigharimu vioo viwili, kipande cha marumaru na mikwaruzo kadhaa ya shingoni. Nazungumzia kioo cha kunyolea ndevu katika bafu dogo, hasa haya mabafu ya nyumba za kupanga ambamo choo, sinki na bomba la mvua vimebanana mahali ambapo mtu mzima akinyoosha mikono anagusa kuta mbili kwa mpigo.

Kosa tunalifanya dukani. Tunanunua kioo cha kunyolea kama tunavyonunua pambo la sebuleni: tunatazama fremu inavyong'aa, na kikiwa ni kioo cha kukuza tunachukua chenye namba kubwa zaidi, tukidhani kwamba mara kumi lazima iwe bora kuliko mara tatu. Ndivyo nilivyofanya mwaka jana. Nilinunua kioo cha duara chenye mkono wa kukunja, kinachokuza mara kumi, nikakifunga ukutani juu ya sinki. Asubuhi ya kwanza, povu likiwa limenifika masikioni, nilitazama nikakuta kidevu kiko juu na paji la uso liko chini. Nilipoinama kukisogelea, sura ikavurugika ikawa ukungu mtupu usio na pua wala mdomo, na nilipozidi kusogea ndipo nikaona shavu moja, kubwa kama sahani, bila kujua wembe uko wapi.

Kioo hakikuwa kibovu. Kioo cha kukuza kimebonyea kwa ndani kama kijiko, nacho hukuza uso pale tu uso unapokuwa karibu kuliko umbali fulani unaotokana na huo ubonyeo. Ukiufikia umbali huo sura huvurugika, na ukiupita hupinduka. Kadiri kioo kinavyobonyea zaidi ndivyo kinavyokuza zaidi, na ndivyo kinavyokutaka usogee karibu zaidi. Sasa chukua futi uingie bafuni kwako. Sinki langu limetokeza sentimita 42 kutoka ukutani, na mimi nikisimama wima mbele yake uso wangu uko kama sentimita 60 kutoka kwenye ukuta huo. Kioo cha mara kumi kinataka uso uwe ndani ya shubiri moja. Kwa hiyo ama ninyoe nimeinama kama mtu anayechungulia kisima, ama mkono wa kioo urefuke hadi unifuate nilipo.

Mkono wenyewe ulirefuka vizuri sana, isipokuwa mlango wa bafu langu hufungukia ndani. Siku ya tatu mtu alisukuma mlango, mlango ukagonga kioo, kioo kikang'oka pamoja na skrubu na kipande cha marumaru ambacho mwenye nyumba bado ananidai. Sikumlaumu aliyefungua, kwani ni mimi ambaye sikupima mzunguko wa mlango kabla ya kutoboa ukuta. Cha pili nilichonunua ni kile chenye mpira wa kunyonya ukuta, kisichohitaji kutobolewa tundu. Hicho kinashika vyema juu ya marumaru laini na kavu, lakini kuta zangu nyingine ni za plasta iliyopakwa rangi, na mpira haushiki palipo na vinyweleo. Kilidumu usiku mmoja, kikaangukia ndani ya ndoo.

Kuhusu ukubwa, watu hubabaika bure. Kioo cha kawaida, kisichobonyea, kinahitaji kuwa na nusu tu ya urefu wa kile unachotaka kukiona, uwe karibu au mbali. Uso wenye urefu wa sentimita 24 kuanzia kidevuni hadi utosini unaonekana wote katika kioo cha sentimita 12, mradi kimewekwa usawa wa macho yako. Usawa ndio mgumu, kwa sababu fundi hufunga kioo kwa kimo chake yeye. Katika bafu dogo, basi, kioo cha sentimita 15 hadi 20 kinatosha kabisa, na kile kipana kinachofunika ukuta mzima kina kazi zake, ila kunyoa si mojawapo.

Jambo ambalo sikulisikia kwa muuzaji yeyote ni mwanga. Mwanga unatakiwa uangukie uso, si kioo. Bafu nyingi zina taa moja tu katikati ya dari, na aliyesimama kwenye sinki huipa taa hiyo kisogo, kwa hiyo kidevu na shingo, mahali penyewe pa hatari, vinabaki kizani hata kioo kingekuwa cha thamani gani. Marehemu baba yangu hakuwahi kunyolea bafuni. Alitundika kikioo chake cha fremu ya plastiki kwenye nondo ya dirisha, yeye akiwa uani, akageukia jua la asubuhi, kikombe cha maji ya moto kikiwa juu ya kizingiti. Nilidhani ni ufukara wa nafasi. Sasa naona alikuwa amelimaliza tatizo ambalo mimi nimelinunulia vioo viwili.

Kuna suala la vipele pia. Sisi wenye nywele za kujisokota tunajua kwamba unywele uliokatwa chini mno hurudi kuichoma ngozi kwa ncha yake na kuacha kipele. Kioo kinachokuza sana humshawishi mtu aufukuze kila unywele mmoja mmoja, apitishe wembe mara tatu na kwenda kinyume cha uelekeo wa ndevu, na matokeo yake huonekana kwenye kola ya shati. Kukuza mara mbili au tatu kunatosha kukuonyesha ndevu zimelalia upande gani, na kwa maoni yangu hakuna sababu ya mnyoaji kutaka zaidi, isipokuwa macho yake yawe yamechoka. Vile vya pande mbili, upande mmoja wa kawaida na wa pili wa kukuza kidogo, ndivyo ninavyowashauri wenzangu.

Kwa tunaoishi pwani, chumvi na unyevu havisamehe. Fremu inayong'aa mara nyingi ni chuma cha kawaida kilichopakwa kromu, na kutu huanzia kwenye maungio. Mimi sasa huenda dukani na sumaku ndogo mfukoni: ikinasa kwa nguvu, naiacha fremu hiyo. Madoa meusi yanayoanzia pembeni mwa kioo nayo hutokana na unyevu uliopenya hadi kwenye tabaka la fedha lililo nyuma yake, kwa hiyo kioo kiachiwe upenyo wa hewa kati yake na ukuta, wala kisibandikwe kwa ile silikoni yenye harufu ya siki, kwa kuwa asidi yake huila rangi ya mgongoni. Ukungu wa maji ya moto si wa kugharimia kitu; kipande cha sabuni kikisuguliwa juu ya kioo kisha kikapanguswa kwa kitambaa kikavu, mvuke hautui matone.

Tahadhari moja tu niiongeze: kioo cha kukuza hukusanya miale ya jua mahali pamoja na kinaweza kuunguza pazia au taulo. Anayekiweka karibu na dirisha akigeuzie ukutani akimaliza.

Ombi langu kwa wauzaji ni dogo. Waandike kwenye boksi, pamoja na ile namba ya kukuza, uso unatakiwa uwe umbali wa sentimita ngapi, na wamruhusu mnunuzi akitoe kioo kwenye boksi asimame nacho kwa umbali atakaokitumia nyumbani. Na wenye nyumba wanaojenga vyumba vya kupangisha, pamoja na huyo wangu anayenidai marumaru, watuwekee msumari mmoja pembeni mwa dirisha la bafu, kwa kimo cha macho. Wangu nimeupigilia mwenyewe, kwenye mbao ya fremu na si kwenye marumaru, na kikioo kinachoning'inia hapo ni kile cha baba.

Wako,
Mpangaji, Ngamiani, Tanga