Ushabiki wa chapa za kompyuta unawagharimu wazazi wetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo ambalo nimelishuhudia kwa miaka kumi na minne nikiwa fundi wa kompyuta hapa Dodoma, kwanza kwenye kibaraza cha duka la mtu mwingine na sasa katika banda langu mwenyewe karibu na soko la Majengo. Jambo lenyewe ni ushabiki wa chapa za kompyuta. Wengi wanauona kuwa ni mabishano ya vijana yasiyo na madhara, nami zamani niliuona hivyo. Lakini kadiri vyuo vyetu vinavyokua, na kadiri kompyuta mpakato inavyozidi kuwa kifaa ambacho mwanafunzi hawezi kusoma bila kuwa nacho, ushabiki huo umegeuka kuwa gharama inayolipwa na mzazi aliyeko kijijini, ambaye hata hajui kama kuna ubishi wowote.

Vyuo vinapofunguliwa, banda langu hujaa vijana wa mwaka wa kwanza, na swali la kwanza wanaloniuliza si kompyuta ifanye kazi gani, bali ni ya kampuni gani. Wapo wa HP, wapo wa Dell, wapo wanaoapa kwamba nje ya Lenovo hakuna kompyuta, na wapo wachache wa Apple ambao hawataki hata kukaa meza moja na wengine. Siku hizi wameongezeka vijana wa Linux, mfumo wa kuendesha kompyuta usio wa malipo, ambao nawapenda kwa sababu wanajifunza kwa bidii, ila nao wakishaingia kwenye ubishi huwadharau wenzao kuliko wote. Maneno wanayoyatumia hayatokani na uzoefu wao. Wameyapokea kwa kaka zao wa mwaka wa tatu, ambao nao waliyapokea kwa wengine, na hakuna katikati hapo aliyewahi kushika bisibisi.

Mwaka jana alinijia mama mmoja kutoka upande wa Mpwapwa. Alinisalimu "mbukwenyi", akaketi kwenye benchi na kufungua kitenge alichokuwa amekikunja magotini; ndani mlikuwa na kompyuta mbili. Mwanawe aliniamkia shikamoo, akabaki amesimama nyuma yake. Ya kwanza ilikuwa nene, nyeusi, ya zamani, ambayo kijana alipewa na mjomba wake. Ya pili ilikuwa nyembamba, ya rangi ya fedha, yenye jina ambalo kila mwanafunzi analitamani na ambalo sitalitaja hapa. Kisa chenyewe kilikuwa kifupi: bwenini walimcheka kwa ile nyeusi, wakaiita tofali, naye akapiga simu nyumbani. Mama akauza magunia manne ya alizeti, akaongeza na fedha za kikoba, ikapatikana Shilingi 850,000, na mashine ya rangi ya fedha ikanunuliwa ikiwa imeshatumika na mtu mwingine.

"Fundi," mama aliniambia, "hii ndiyo nimeambiwa ni bora kuliko zote. Mbona inakufa mapema hivi?"

Nilizifungua zote mbili mezani mbele yao. Betri ya ile nyembamba ilikuwa imevimba hadi kuinua kibodi, na betri ya aina hiyo haikuwepo katika duka lolote la hapa mjini nililolijua. Ilibidi iagizwe Dar es Salaam. Hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba kumbukumbu yake, ile ambayo mafundi tunaiita ramu, ilikuwa gigabaiti 4, nayo ilikuwa imechomelewa moja kwa moja kwenye mazabodi, yaani ubao mkuu wa ndani ya kompyuta, hivyo hakuna fundi ambaye angeweza kuiongeza kwa gharama inayoeleweka. Nilimjibu, "Mama, jina lake ni zuri, ila hii haiongezeki." Ile nene nayo ilikuwa na shida yake: feni ilikuwa imejaa vumbi letu jekundu hadi haizunguki. Lakini nilipoondoa kifuniko cha chini nilikuta nafasi mbili za ramu, moja ikiwa tupu kabisa. Niliisafisha, nikaongeza ramu ya gigabaiti 8, nikaiondoa diski ya zamani yenye sahani zinazozunguka na kuweka ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka. Kazi yote, pamoja na vipuri, haikufika Shilingi 150,000, na hadi leo kijana anaitumia hiyo.

Kilichomnyamazisha kijana siku ile, hata hivyo, ni maandishi madogo. Chipu za kumbukumbu kwenye mazabodi ya mashine ya rangi ya fedha zilikuwa na jina la SK hynix. Kipande cha ramu kilichokuwa ndani ya "tofali" nacho kilikuwa na jina hilo hilo. Nilimpa akishike, akakisoma, akakisogeza karibu na mwanga akakisoma tena.

Ndugu Mhariri, laiti kila mbishi angeonyeshwa kipande hicho. Chipu za ramu zilizomo katika kompyuta nyingi duniani hutoka kwa kampuni tatu kubwa, yaani Samsung, SK hynix na Micron. Prosesa, yaani chipu zinazofanya hesabu zote, za kompyuta nyingi zenye mfumo wa Windows ni za Intel au AMD. Hata kuunganisha mashine yenyewe, chapa nyingi hazifanyi kwa mikono yao. Hukabidhi kazi hiyo kwa kampuni za Taiwan kama Quanta na Compal, ambazo hupokea oda za chapa zinazoshindana kwa wakati mmoja. Kijana wa mtaa wa Nkuhungu na kijana wa mtaa wa Kisasa hapa Dodoma wanaweza kununiana wiki nzima kwa ajili ya mashine mbili zilizotoka kwenye viwanda vya kampuni moja.

Wenye kampuni wenyewe wanalijua hili kwa muda mrefu. Apple iliishitaki Microsoft, kampuni yenye Windows, mwaka 1988 kwa madai ya kunakili sura ya programu zake, na kesi ile, ambayo Apple ilishindwa, iliacha uhasama mkubwa miongoni mwa watumiaji wa pande zote mbili. Lakini Agosti 1997, Apple ikiwa katika hali mbaya ya kifedha, Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa Apple, alipanda jukwaani mjini Boston akatangaza kwamba Microsoft inaweka Dola za Marekani milioni 150 katika Apple na itaendelea kutengeneza programu zake za ofisi kwa ajili ya kompyuta za Apple ziitwazo Macintosh. Sura ya Bill Gates, mkuu wa Microsoft wakati huo, ilipotokea kwenye skrini kubwa, ukumbi ulizomea. Huwa ninaifikiria sana picha hiyo: wakubwa wamekwisha kupatana na kutia saini, na wanaozomea ni wateja. Baadaye Apple hiyo hiyo, ambayo miaka ya 1990 matangazo yake yalizibeza prosesa za Intel, ilianza kuzitumia mwaka 2006 na ikadumu nazo hadi ilipoanza kuweka za kwake mwaka 2020.

Majina nayo huuzwa. Waliokuwa wakiapia Compaq waliona HP ikiimeza mwaka 2002. Chapa ya ThinkPad, iliyoanzishwa na IBM mwaka 1992, ilihamia kwa Lenovo ya China mwaka 2005. Toshiba, ambayo wazee wengi wa maofisini bado wananiulizia kwa mapenzi ya kweli, iliuza sehemu kubwa ya biashara yake ya kompyuta kwa Sharp mwaka 2018, na mwaka uliofuata biashara hiyo ikaitwa Dynabook.

Sisemi kwamba mashine zote ni sawa. Tofauti zipo, na ni kubwa, ila hazipo mahali ambapo vijana wanazitafuta. Kampuni moja hutengeneza kompyuta za bei ya chini kwa ajili ya matumizi ya nyumbani, na kampuni hiyo hiyo hutengeneza nyingine imara kwa ajili ya ofisi, zenye bawaba za chuma, kibodi inayostahimili na mfuniko unaofunguka kwa skrubu za kawaida. Latitude ya Dell, EliteBook ya HP na ThinkPad ya Lenovo ni za kundi hilo la ofisini, na zile za miaka ya nyuma zinapoingia kwenye maduka yetu zikiwa zimetumika Ulaya, fundi anazifurahia zote tatu, kwa sababu vipuri vyake vinapatikana na kuzifungua si vita. EliteBook inakaribiana na Latitude kuliko inavyokaribiana na HP ya bei ya chini. Anayesema "mimi ni HP" hajasema chochote ambacho fundi anaweza kukitumia. Aniambie ni toleo gani, la mwaka gani, lina ramu kiasi gani na je, inaongezeka; hapo tutazungumza.

Swali la mwaka limekuwa zito zaidi tangu Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa kuwa Windows 11 inadai prosesa za miaka ya karibuni na chipu ya usalama ambayo mashine nyingi zilizotumika hazina. Kwa mashine hizo, Ubuntu, ambayo ni aina mojawapo ya Linux, ni njia nzuri na haina malipo, na neno lenyewe, ubuntu, ni ndugu wa neno letu utu. Ninaiweka kwa kila anayeridhia, bila kumdharau anayeikataa.

Najua wapo watakaosema kwamba nchi iliyogawanyika kati ya Simba na Yanga haiwezi kukosa wa HP na wa Dell. Mimi ni Yanga tangu utotoni, na ndiyo maana naiona tofauti. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na watu wa hapa hapa nchini, ina wanachama wenye kadi na kura, na ikifungwa naumia lakini siuzi gunia la mtu. Mtani wangu wa Simba akifiwa nakwenda msibani kwake. Utani wa jadi una adabu yake, na ndani ya adabu hiyo hakuna kumcheka mtoto wa mkulima hadi mama yake akope.

Ombi langu ni moja, nalielekeza kwa vyuo vyote vya Dodoma na Kanda ya Kati. Katika barua ya kujiunga, pamoja na orodha ya godoro na vyeti, waandike kompyuta inayohitajika kwa kila kozi: kiasi cha ramu, aina ya diski, mfumo utakaoendesha programu za kozi hiyo, na onyo kwamba mzazi aulize kama ramu inaongezeka na kama betri inapatikana karibu. Nembo isitajwe kabisa. Ukurasa mmoja unatosha, na chuo kitakachohitaji msaada wa kuuandika, mimi niko tayari kuja bila malipo. Na mwanafunzi yeyote atakayefika bandani kwangu na barua hiyo pamoja na mashine anayotaka kuinunua, nitaifungua na kumkagulia bure kabla hajatoa fedha ya mzazi wake.

Wako mtiifu,
Fundi wa kompyuta,
Majengo, Dodoma.