Lumbesa: hata mimi nilifunga

Ndugu Mhariri,

Kila msimu wa viazi tunaambiwa redioni: mkulima, kataa lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita mdomo wake. Sheria naijua, gunia la mazao lisizidi kilo 100. Naomba nafasi kidogo nieleze nilivyoikubali lumbesa, na tulivyoanza kujinasua.

Aprili mwaka jana nilikuwa nimeshachimba. Huku Isongole mvua ya Aprili haina adabu, na kiazi kikishatoka ardhini hakingoji. Ukikigubika turubai na unyevu wake kinaoza, ukikiacha wazi mwanga unakigeuza kijani, na kijani ni sumu. Mnunuzi alifika saa kumi na moja jioni, Fuso imejaa nusu. "Mama, weka kilemba au niteremke Uyole nikapakie huko." Nilikuwa nadaiwa mbolea. Nikaweka. Vijana walipanga viazi juu ya mdomo wa gunia mpaka pakawa kama kichuguu, wakazungushia kamba. Magunia tisa. Jirani yangu, mjane, aliponiona nimekubali naye akakubali. Hilo liliniuma kuliko hela.

Na sisi si malaika. Wapo wanaoficha vya kijani katikati ya gunia, na mnunuzi akishalizwa mara moja hakuamini tena. Halafu upakiaji na usafiri hulipwa kwa gunia, si kwa kilo. Gunia likinenepa, anayeokoa hela ni mnunuzi.

Msimu ulipoisha, kaya tano tulichanga tukanunua mizani ya kuning'iniza. Gunia la kwanza la kilemba tulilolipima lilisoma kilo 136. Tulitazamana tu.

Sasa mnunuzi akija tunamwagia gunia chini aone hadi katikati, ndipo tunapima. Kilo 100, bei hii. Akitaka nyongeza, iko pembeni kwenye kiroba, imepimwa, na tunampunguzia. Wawili wa kwanza waliondoka wanatukana. Wa tatu alibishana nusu saa, akapiga simu mara mbili, akapakia.

Sikufichi, Mhariri: Februari viazi vya mwenzetu vilikuwa vimekaa siku nne na lori lililopita ni moja tu. Akafunga vilemba vitatu usiku. Kwenye kikao wengine walitaka atozwe faini. Mimi niliyefunga tisa ningemtoza nini? Tulichokubaliana ni kuweka elfu mbili kwa kila gunia linalouzwa, ili aliyebanwa akope humo asiuze kwa hofu. Mfuko bado mwembamba.

Ombi langu kwa wahusika: lori likikamatwa barabarani gunia limeshashonwa na mkulima ameshapunjwa. Leteni mizani huku juu, viazi vinakochimbwa. Yetu ni moja, na wiki iliyopita kitongoji cha pili walikuja kuiazima na bodaboda, hadi leo haijarudi.

Mkulima wa viazi,
Isongole, Rungwe