Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Januari hadi Desemba 2024 (ilisomwa Februari 2025)

Ndugu wanachama, wazee wetu, mama zangu, na ninyi vijana mliojibanza kwenye kivuli cha mwembe huko nyuma,

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Nawashukuru kwa kuitikia wito, maana najua Jumapili ndiyo siku ya kufua, ya kusuka na ya kwenda kuhani misiba. Hesabu atazisoma mweka hazina baada yangu, kwa hiyo mwenye dukuduku la fedha alihifadhi hadi hapo.

Mwaka jana mliponikabidhi tena kiti hiki mliniagiza jambo moja: asipatikane mwanachama wa umoja wetu hapa Mbagala atakayekosa msaada au huduma ya Serikali kwa sababu tu tarehe ilipita hana habari. Agizo hilo nimelitimiza nusu. Nusu iliyobaki imenishinda, na ndiyo nitakayoisema zaidi.

Tulianza kwa kutundika ubao mweusi nje ya kibanda changu cha cherehani, pale kijiwe cha bodaboda kilipo. Kila tangazo lenye siku ya mwisho nililiandika kwa chaki: tarehe, ofisi ya kwenda, na nini cha kubeba. Mara mbili nilikuta tarehe zimefutwa na mahali pake pameandikwa matokeo ya Simba na Yanga. Nimesamehe, ila chaki ni mali ya umoja. Ubao ulifanya kazi yake. Watu walijua, wakaenda, wakarudishwa. Kilichowarudisha ni makaratasi.

Chukueni mikopo ya halmashauri. Sheria inazitaka halmashauri zote nchini kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mnakumbuka mikopo hii ilisimamishwa Aprili 2023, baada ya ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuonyesha fedha nyingi hazijarejeshwa, na vikundi vingine vilikuwa hewa. Ikarejeshwa katika mwaka wa fedha ulioanza Julai 2024, na safari hii kanuni zimekazwa. Maombi yanapita kwenye mfumo wa kompyuta unaoitwa Wezesha. Kikundi cha wanawake au cha vijana kiwe na watu wasiopungua watano, na mwanakikundi asiwe na ajira rasmi. Kijana sasa anahesabiwa kuanzia miaka 18 hadi 45, wakati zamani mwisho ulikuwa 35. Kuna mmoja wetu hapa alinyoa ndevu wiki hiyohiyo aliposikia habari hiyo, simtaji.

Akina mama wetu watano, wale wa vitumbua na samaki wa kukaanga pale njia panda, walikuwa wa kwanza kujitosa. Katiba wanayo, muhtasari wa kikao wanao, mchanganuo wa biashara waliandikiwa na binti wa katibu bila kulipishwa hata senti. Walipofika kwenye kuingiza taarifa, mmoja wao jina lake kwenye kitambulisho cha NIDA lina herufi H mwanzoni, kwenye akaunti ya benki halina. Alima na Halima, kwetu sisi ni mtu mmoja na kila siku tunakula vitumbua vyake. Kwa kompyuta ni watu wawili. Akaambiwa arekebishe. Ofisi ya kwanza aliyokwenda ikamtuma ya pili, ya pili ikamrudisha ya kwanza, mpaka alipokuja kwangu machozi yakimlengalenga. Wenzake wanne walimsubiri. Wangeweza kumtoa na kumweka mwingine, hawakufanya hivyo, na nataka muwapigie makofi kwa hilo. Lakini dirisha la kupokea maombi lilifungwa wakiwa bado wanahangaika na herufi moja. Jina limekwisha kurekebishwa, wameomba upya, na mpaka leo ninaposoma hapa bado wanasubiri jibu.

Vijana wa bodaboda walikwama kwa jambo jingine kabisa: mmoja kati yao watano ni mwajiriwa wa kiwanda, na alijua kwamba hairuhusiwi. Hapo siwezi kuilaumu kompyuta.

Na niseme jambo ambalo wengine hamtapenda. Wamo kati yetu waliokopa kabla ya 2023 na marejesho yao yaliishia mwezi wa pili. Walipoambiwa fedha ni za Serikali, walielewa kwamba hazina mwenyewe. Afisa maendeleo ya jamii wa kata anapotuangalia leo kwa jicho la pembeni, ana sababu. Kamati itawafuata hao nyumbani kwao, kwa heshima, na nitaongoza mimi mwenyewe.

Masika ya 2024 mliyaona wenyewe. Mvua zile za El Niño zilianza tangu mwisho wa 2023, na mwanzoni mwa Mei kikaja kimbunga Hidaya. Wenzetu wa bondeni maji yaliingia mpaka kitandani. Tulichangishana unga, maharage na magodoro, na waliotoa tunawashukuru. Ila hasara iliyotutesa zaidi tuliigundua miezi miwili baadaye: vyeti vya kuzaliwa, vyeti vya ndoa, hati za mauziano ya viwanja na vitambulisho, vyote vilikuwa chini ya godoro, vyote vikawa uji. Kitambulisho cha NIDA cha kwanza hutolewa bure, lakini ukikipoteza unakwenda na taarifa ya upotevu ya polisi na unalipia shilingi 20,000. Kwa kaya yenye watu wazima wanne, fanyeni hesabu wenyewe. Tangu hapo nimekuwa nikiwasumbua kila mlango: pigeni picha za vyeti kwenye simu, na nakala moja ikae kwa ndugu anayeishi kwenye mwinuko.

Upande wa wanafunzi, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilifungua dirisha la mwaka wa masomo 2024/2025 tarehe 1 Juni, mwisho ukiwa 31 Agosti, kisha ikaongeza muda hadi 14 Septemba. Kuongezwa huko ndiko kulikomwokoa kijana wa jirani yangu. Cheti chake cha kuzaliwa kilikuwa hakijahakikiwa na RITA, na bila uhakiki huo maombi hayaendi. Alianza kuhangaika wiki ya mwisho ya Agosti. Juni na Julai nzima alikuwa anasubiri baba yake arudi kutoka Lindi na cheti chenyewe! Fomu nayo inataka mdhamini, inataka sahihi ya serikali ya mtaa, inataka mwanasheria au hakimu. Mtoto wa kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF aandike taarifa hiyo kwenye maombi, kwa sababu inaonyesha uhitaji wake; wapo waliotaka kuificha kwa aibu. Wenye watoto kidato cha sita, uhakiki wa RITA fanyeni sasa, Februari hii. Msingoje dirisha.

Kuhusu TASAF yenyewe nitasema kidogo. Kaya huibuliwa kwenye mkutano wa hadhara wa mtaa, mbele ya majirani. Asiyekuja kwenye mkutano asije kwangu kulalamika kwamba jina la fulani limeingia na lake halimo.

Sasa wazee. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo anastahili matibabu bila malipo kwenye vituo vya Serikali, na ndiyo maana mnaona madirisha ya wazee hospitalini. Ila anahitaji kutambuliwa na kupewa kitambulisho, na safari inaanzia kwa mtendaji wa mtaa. Mwaka huo wa 2024 tuliwasindikiza wazee wetu kwa zamu. Vijana wawili walijitolea kuwabeba kwa bajaji bila nauli.

Kuna pia kodi ya majengo, ambayo tangu 2021 inakatwa unaponunua umeme wa LUKU. Ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Tangu Julai 2023 ni 1,500, na kwa ghorofa ni 7,500 kwa kila sakafu. Mzee anayeishi kwenye nyumba yake mwenyewe anaweza kuomba msamaha kwa nyumba hiyo moja. Msamaha hauji wenyewe, mita haijui umri wa mtu, lazima aombe. Nyumba yenye mita mbili au tatu, mwenye nyumba aende akaeleze, asije akakatwa mara mbili kwa jengo moja. Na wapangaji: kodi hii ni ya mwenye nyumba. Ukikatwa wewe, hesabu uliyokatwa uitoe kwenye kodi ya pango. Najua wenye nyumba waliokaa mstari wa mbele hawajafurahi. Na mimi ni mwenye nyumba.

Tukiwa bado kwenye nyumba: wenye hati na leseni za makazi, kodi ya pango la ardhi huanza kudaiwa tarehe 1 Julai kila mwaka. Nafuu ya riba kwa wenye malimbikizo, ile aliyoitoa Rais, iliisha 30 Aprili 2023, na bado nasikia watu wakisema wanaingoja. Imekwisha. Urasimishaji wa viwanja vyetu sina jipya la kuwaambia. Kampuni ya upimaji tuliyoichangia fedha iliweka mawe ya mipaka, ikala, ikanywa, ikazima simu. Kamati ya ardhi itatoa taarifa yake yenyewe Aprili, nami nimewaomba waje na stakabadhi mkononi, hasira waziache nyumbani.

Jambo la mwisho lenye tarehe ni hili, na hapa naomba hata wanaotafuna miwa wasikilize, kwa sababu ndilo lililotuchanganya mwaka mzima.

Mwezi Oktoba, tarehe 11 hadi 20, tulijiandikisha. Orodha ile ilikuwa ya wakazi, kwa ajili ya uchaguzi wa serikali za mitaa uliofanyika 27 Novemba 2024 chini ya TAMISEMI. Kazi yake imekwisha. Daftari la Kudumu la Wapiga Kura ni jambo jingine; liko chini ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, na ndilo litakalotumika kwenye uchaguzi mkuu wa Oktoba mwaka huu wa 2025. Uboreshaji wake kwa Mkoa wa Dar es Salaam umepangwa 17 hadi 23 Machi 2025, vituo vikifunguliwa saa 2:00 asubuhi na kufungwa saa 12:00 jioni. Siku saba tu. Nimekutana na watu zaidi ya kumi wanaoniambia, “Mwenyekiti, mimi nilishajiandikisha Oktoba.” Kama huna kadi ya mpiga kura mkononi, ile ya Oktoba haikusaidii kitu.

Wanaotakiwa kwenda ni waliotimiza miaka 18 au watakaoitimiza kabla ya siku ya kupiga kura, waliohama kutoka kata au jimbo jingine, waliopoteza kadi au kadi zimeharibika, na wenye taarifa za kurekebisha. Mwenye kadi nzima na hajahama abaki nyumbani, asiongeze foleni. Wale wa bondeni ambao kadi zililowa, ninyi ndio wa kwanza. Akina Alima na Halima, mnajua cha kufanya.

Kutokana na haya yote, kamati inaleta maombi mawili mbele yenu.

La kwanza, kila kaya ya mwanachama iwe na bahasha moja ngumu yenye nakala za vyeti na vitambulisho vya wote waliomo, na katibu azipitie majina, herufi kwa herufi, kabla ya mwezi Mei. Tunaomba ruhusa ya kutumia sehemu ya akiba kununua printa iliyotumika, ili tuache kukimbilia steshenari ya stendi siku ya mwisho, foleni ikiwa imefika barabarani.

La pili litawashangaza. Tunaomba mwaka wa umoja wetu uhame, usianze Januari bali uanze Julai. Mwaka wa fedha wa Serikali unaanza 1 Julai, kodi ya ardhi inaanza hapohapo, bajeti ya halmashauri inayotoa mikopo inaanza hapohapo, na dirisha la wanafunzi hufunguliwa katikati ya mwaka. Sisi tunakutana Februari kusimuliana tulichokosa. Tukikutana Juni, tutakaa tukiwa bado na muda wa kwenda na bahasha zetu.

Wanaounga mkono wajiandae kunyoosha mikono baada ya hesabu kusomwa. Ubao unahitaji rangi mpya, na chaki zimebaki nne. Mweka hazina, karibu.